PUZELE NA FASI YA KILA MUTU



Tangu mwanzo wa mwaka huu wa masomo tunasikia mufano mumoja kila siku. Ku ibada ya asubui, muhubiri alisema sisi wote ni vipande vya puzele. Ku mukutano wa wazazi, baba mumoja akasema vilevile. Hata ku kiwanja cha mupira, kapiteni anapiga kelele: «Kila mutu na kipande chake!» Mufano ni muzuri. Lakini mufano ukipendwa sana, watu wanaacha kuuchunguza, wanaurudilia tu sawa wimbo.

Sisi wa mwaka wa mwisho, tuliopewa kazi ya kuangalia wadogo wetu, tunaona saa imefika ya kuuchunguza. Juu ya nini? Juu mu kalasi zetu kuko wenye kuutumia kwa kuunganisha watu, na kuko wenye kuutumia kwa kufukuza watu. Mufano ni mumoja, na matunda ni mawili. Basi tuuangalie pole pole.

Kwanza, puzele ni nini?

Wengi kati yetu hawajaishika bado. Mu biblioteki yetu kuko sanduku moja la kartoni, lilikuja pamoja na vitabu vya zawadi. Ndani muko vipande 500, vidogo sawa ukucha wa kidole kikubwa, na juu ya kifuniko kuko picha ya nyumba mu teluji. Hakuna mutu wa Mwadingusha ameisha kukanyaga teluji ile. Lakini siku za mvua, wadogo wa mwaka wa kwanza wanakaa masaa mbele ya meza, wanatafuta kipande kimoja cha mbingu ya buluu kati ya vipande mia vya buluu. Wanaanza na pembe 4, kisha wanafuata kando-kando, kisha wanaingia katikati. Hakuna aliyewafundisha. Ni kazi yenyewe inayofundisha.

Na ni vizuri kujua kwamba muchezo huu haukuzaliwa kwa kucheza. Ulizaliwa kwa kufundisha jeografia. Mu miaka ya 1760, ku London, mu Uingereza, kulikuwa fundi wa ramani, jina lake John Spilsbury. Alibamba ramani juu ya ubao mwembamba, kisha akaukata na musumeno kwa kufuata mipaka ya inchi. Mutoto alipewa inchi zote mu sanduku, akaambiwa: Rudisha kila inchi kwenye fasi yake. Ndiyo puzele za kwanza. Kwa hiyo, mbele ya kuwa nyumba na maua na mafarasi, puzele ilikuwa ramani.

Kitu kingine: vipande vingi vya zamani zile havikushikana. Vililala tu kimoja kando ya kingine. Mutu akigusa meza na kiwiko, Ufaransa inaenda huku na Uispania inaenda kule. Ni nyuma tu ndipo mafundi walikata vipande vyenye kichwa na shimo, kusudi kichwa cha kimoja kiingie mu shimo la kingine. Na mu miaka ya 1930, wakati wa taabu kubwa ya feza mu Marekani, puzele za kartoni za bei ndogo zikaenea sana, juu watu waliokosa kazi walikuwa na masaa mengi na makuta kidogo.

Mushike neno lile: kulala kando-kando, na kushikana. Tutalirudilia.

Mambo ambayo mufano huu unafundisha vizuri

La kwanza: kipande hakibadilishwi na kingine. Hapa kwetu tunajua mashine. Santrali yetu ya Mwadingusha ilianza kazi mwaka wa 1930 juu ya muto Lufira, na ukuta wake ndio uliofanya ziwa la Tshangalele, lenye kulisha wavuvi mupaka leo. Mashine zake 6 zilichoka sana, zikatengenezwa upya, na mwaka wa 2021 zikarudi kazini kwa nguvu ya megawati karibu 78. Mu mashine, buloni ikivunjika, fundi anatafuta buloni ingine ya kipimo kile kile, anafunga, kazi inaendelea. Hakuna mutu analia buloni. Lakini mu puzele, kipande kikipotea, unaweza kununua sanduku ingine elfu, shimo litabaki. Je, mwanafunzi ni buloni ao ni kipande? Kuko masomo mengi duniani ambayo yanahesabu watoto sawa buloni: mumoja ametoka, mwengine ameingia, hesabu ni ile ile. Mufano wa puzele unakatala hesabu ile, na sisi tunaukubali kwa sababu hiyo.

La pili: hakuna kipande kinachoonekana cha maana kikiwa peke yake. Shika kipande kimoja mu mukono: unaona rangi kidogo ya udongo, basi. Unaweza kukitupa ukifikiri ni takataka. Maana yake inakuja siku kinapopata majirani. Wadogo wetu wenye kuitwa wajinga mu mwezi wa 9, tuwangojee mu mwezi wa 6.

La tatu: kipande kinashikana na mwenzake kwa vichwa vyake, na kwa mashimo yake vilevile. Kama vipande vyote vingekuwa na vichwa tu, visingeungana hata kidogo. Mu kalasi yetu kuko mwenye kujua hesabu na mwenye kuogopa hesabu. Kuko mwenye kusema Kifaransa sawa radio na mwenye kujificha mwalimu akiuliza. Wakati tunajitayarisha kwa Exetat, tunaona: yule mwenye shimo mu kemia anamupa mwenzake nafasi ya kufasiria, na yule mwenye kufasiria ndiye anayeelewa zaidi. Kumbe shimo la mumoja linafaa wote wawili.

Fasi ambapo mufano unadanganya

Lakini tusikae paka ku sifa. Puzele iko na kifuniko, na juu ya kifuniko kuko picha. Picha ile ilimalizika mbele hata kipande kimoja hakijakatwa. Mwenye kucheza hachagui kitu, anafuata tu. Basi tunauliza: picha ya inchi, ao picha ya masomo, ao picha ya maisha ya mutu, nani anashika kifuniko chake?

Tuangalie historia. Mwaka wa 1884 na 1885, ku Berlin, wakubwa wa Ulaya walikubaliana kanuni za kugawanya Afrika, na nyuma yake mipaka ikachorwa bila kuuliza wenyeji. Walunda, ambao ni ndugu zetu, wanapatikana leo mu Kongo, mu Angola na mu Zambia. Spilsbury alikata ubao kwa kufuata mipaka iliyokuwa pale. Hawa walikata watu, kisha wakaita alama ya musumeno mupaka.

Na sisi wenyewe, nyuma ya uhuru, hatukuacha musumeno. Tarehe 30 mwezi wa 6 mwaka wa 1960, Kongo ilikuwa na majimbo 6. Mwaka wa 1963 yalikuwa 21. Mwaka wa 1966 yakarudishwa kuwa 8, pamoja na Kinshasa. Mwaka wa 1988 Kivu ikakatwa mara tatu: Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema. Mwaka wa 2015 tukafika ku 26, Kinshasa ndani. Katanga yetu iliitwa Shaba tangu 1971 mupaka 1997, ikarudia kuitwa Katanga, na mwaka ule wa 2015 ikakuwa majimbo 4: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Muzee aliyezaliwa hapa Mwadingusha mwaka wa 1950 na asiyehama hata siku moja, ameisha kukaa mu majimbo mengi yenye majina mbalimbali, na nyumba yake haikusogea hata metre moja!

Hatusemi kwamba kugawanya majimbo ni kubaya kwa yenyewe. Kuko sababu za kupeleka biro ya serikali karibu na wananchi. Tunasema tu hivi: kama picha imebadilika mara nyingi hivi mbele ya macho ya muzee mumoja, basi hakuna mutu ana ruhusa ya kusema «picha ilisha kumalizika, na weye haumo».

Udanganyifu wa pili: mu puzele, kila kipande kiko na fasi moja tu, ya milele. Mu maisha haiko hivyo. Mutoto wa muvuvi wa Tshangalele anaweza kuwa munganga. Binti anaweza kufunga mashine za santrali. Tumesikia mukubwa mumoja akimwambia mudada wa kalasi ya tano: «Hesabu haiko fasi yenu, fasi yenu ni jikoni.» Alisema mufano wa puzele ndani yake, na wengine wakacheka. Hapana. Mutume Paulo, wakati aliandikia Wakorinto, hakuchukua mufano wa ubao uliokatwa. Alichukua mufano wa mwili. Mwili unakomaa. Mukono wa mutoto ni ule ule, lakini kazi yake inabadilika: leo unashika nyonyo la mama, kesho unashika kalamu. Kiungo kiko na fasi, lakini fasi ile iko hai.

Udanganyifu wa tatu ni kuamini kwamba mutu anayeonekana mbalimbali ni yeye mwenye kukosa kipande. Mwaka wa 1963, mu Uingereza, chama cha wazazi wenye watoto wa otisime kilichagua kipande cha puzele kuwa alama yake. Wazazi wale walitaka musaada, hawakutaka ubaya. Lakini watoto wakakomaa, na wengi wenye hali ile wakasema: Sisi hatukukosa kipande, hatuko fumbo la kufumbuliwa, sisi ni watu wazima. Chama kikaacha alama ile. Tunaona hapo kwamba mufano muzuri mu kinywa cha mwenye kusema, unaweza kuwa muzigo mu masikio ya mwenye kusemwa. Ni huyu wa pili tunapaswa kumuuliza.

Jambo lenyewe

Sasa tufike ku jambo lililotusukuma kushika kalamu. Mu mwezi uliopita, mara tatu, tumesikia wanafunzi wakiambia wenzao: «Weye ni kipande cha sanduku ingine. Rudia kwenu.» Wale walioambiwa hivyo ni watoto ambao wazazi wao walifika kutoka Kasai. Mumoja kati yao alizaliwa Likasi, na mama yake vilevile. Anasema Kiswahili kuliko sisi. «Kwenu» yake ni wapi?

Ndugu, tujifunze kidogo. Kampani ya Union Minière ilianzishwa mwaka wa 1906. Wafanyakazi hawakutosha, ikawatafuta mbali: mu Kasai, mu Rwanda na Burundi, mu Rodezia ya Kaskazini ambayo leo ni Zambia. Mwaka wa 1928 njia ya reli ikaunganisha Katanga na Ilebo, kule Kasai, na watu wakaja nayo. Wenyeji wa inchi, Wasanga, Walamba, Waluba, Wabemba, wakachimba, wakajenga na kuomba pamoja nao. Likasi ilijengwa na watu hawa wote. Hakuna aliyekuta muji umemalizika akaingia ndani sawa mugeni mu nyumba ya mwengine.

Na kama bado mutu ana mashaka, asikilize kinywa chake mwenyewe. Kitabu ni neno la Kiarabu. Meza ni neno la Kireno. Biro ni Kifaransa. Kiswahili chetu kilitoka mbali, ku bahari ya mashariki, na hapa kikapata maneno ya Kiluba na ya Kibemba. Yule anayefukuza mwenzake anamufukuza na maneno ya wageni!

Mu mwaka wa 1992 na 1993, wakubwa wa siasa walishika kifuniko na wakasema picha ya Katanga ni yao peke yao. Watu wa asili ya Kasai, wengi wao waliozaliwa hapa, walifukuzwa ku kazi na mu nyumba. Ku gare ya Likasi maelfu walilala inje, wababa, wamama na watoto, wiki nyuma ya wiki, wakingojea treni. Wengi walikufa, wengine ku gare pale pale, wengine mu njia. Wazazi wetu waliona kwa macho. Hawapendi kusema, lakini wakiulizwa kwa heshima wanasema. Na masomo mengi yalibaki bila walimu, hospitali bila waganga. Yule aliyebaki ndani ya picha naye hakupata faida: alibaki na mashimo.

Ndiyo sababu tulisema mushike neno la vipande vya zamani. Kabila zikilala tu kando-kando, kila moja na benchi lake ku kalasi na kundi lake ku chakula, kiwiko kimoja cha mutu wa siasa kinatosha kutawanya vyote. Wenye kushikana hawatawanyiki kwa kiwiko. Kushikana ni nini? Ni kusoma daftari moja. Ni kujua jina la mama ya mwenzako. Ni kwenda ku kilio kwao.

Benchi lenye shimo

Kuko shimo lingine tena, na hili halipigi kelele. Kila mara nyuma ya mapumuziko, mabenchi mengine yanabaki wazi. Masomo ya msingi ya serikali yamekuwa bure tangu mwezi wa 9 mwaka wa 2019, na tunashukuru. Lakini ku sekondari feza zinaombwa bado. Kijana anakosa feza, anaenda kuchimba mawe ya shaba ao kuvua samaki, anasema «nitarudi». Binti anapata mimba, anafichwa nyumbani. Wiki ya kwanza tunauliza habari zao. Wiki ya pili tunasogea ku benchi, tunakaa vizuri zaidi. Wiki ya tatu tumesahau. Tunaimba kwamba kila mutu ni kipande, na wakati ule ule tunasukuma vipande vilivyobaki kusudi shimo lisionekane.

Wengine watatujibu: «Ninyi ni wanafunzi tu, muko na feza gani?» Kweli, hatuko nazo. Hatuwezi kulipia mutu mwaka muzima, na hatutaki kuahidi uongo. Lakini kuko mambo ambayo hayaombi makuta:

1. Mu kila kalasi, kapita aandike jina la asiyefika siku 3, na wawili waende kwao kuuliza, kwa adabu, kwa kusalimia wazazi kwanza.

2. Daftari za aliye mbali ziandikwe na wenzake kwa zamu, kusudi siku akirudi asipotee. Kuko wenye kuacha masomo kwa kuogopa kuchelewa.

3. Tunaomba wakubwa wa masomo wapokee tena binti aliyezaa, kama anataka kusoma, na tunaomba wanafunzi wafunge vinywa.

4. Mabenchi yachanganywe kila mwezi. Asikae Mukasai na Mukasai, Musanga na Musanga, mwaka muzima.

5. Maneno «rudia kwenu» yahesabiwe sawa na kupiga. Atakayeyasema atajibu mbele ya kamati ya wanafunzi. Sisi wenye kazi hii tutaanza na marafiki wetu wenyewe, juu sheria isiyogusa marafiki haiko sheria.

Tunajua kuko watakaoona maneno haya ni makali kwa muchezo wa kartoni. Lakini hatukuleta muchezo sisi. Tuliukuta ku ibada, ku mukutano na ku kiwanja. Kama tunataka kuendelea kuutumia, tuutumie muzima. Tukisema «kila mutu kipande chake», tuongeze: na hakuna mwanafunzi anayeshika kifuniko. Picha ya masomo haya haijamalizika. Nyuma ya Exetat sisi tutaondoka, mabenchi yetu yatachukuliwa na wengine tusiowajua, na picha itabadilika tena. Ni vizuri hivyo.

Kesho asubui, wakati kapita anaita majina, musikilize jina lisiloitikiwa. Kisha muulize njia ya kwenda kwao.

Kapita wa wanafunzi, pamoja na wenzake wa mwaka wa mwisho